Hita plagi zikigoma alfajiri: fuata njia ya umeme kabla hujanunua mpya

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane silali mbali na simu. Ndiyo miezi ambayo madereva wa safari hunipigia alfajiri kutoka ukingo wa Ngorongoro, gari limejaa umande na wageni wamesimama na vikombe vya chai mkononi. Nina karakana ndogo ya umeme wa magari hapa Unga Limited, Arusha, na kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu Moshi, mtaa wa Majengo, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Nimefunga na kufungua hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka, nyingi kiasi cha kuweza kusema neno moja kwa uhakika: watu wengi wananunua hita mpya wakati hita zao hazina kosa. Kosa liko njiani, kati ya betri na hita, na hakuna aliyelipima.

Julai iliyopita kijana mmoja alinipigia kutoka kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Land Cruiser, injini ya 1HZ, silinda sita.

"Shikamoo mama. Gari limegoma. Saa kumi na mbili geti la kushukia kreta linafunguliwa."

"Marahaba mwanangu. Ukipiga selfu, nyuma linatoa moshi?"

"Linatoa. Mweupe, mwingi, unawasha macho."

"Na selfu inazunguka kwa nguvu?"

"Inazunguka kama kawaida."

Maswali hayo mawili ndiyo mwanzo wa kazi, na hayahitaji kifaa chochote. Moshi mweupe wakati wa kupiga selfu maana yake dizeli imefika ndani ya silinda, imegeuka mvuke, ikatoka bila kuungua. Kilichokosekana ni joto. Kama hakuna moshi hata kidogo, achana na hita, nenda kwenye mafuta: solenoidi ya kuzimia iliyoko kwenye pampu, chujio, au hewa iliyoingia kwenye mpira wa mafuta usiku. Kama selfu inazunguka kwa kujikongoja, nenda kwenye betri na nyaya zake nene, kwa sababu injini inayozungushwa polepole haikandamizi hewa kwa kasi ya kutosha kuipasha moto. Na kama linawaka lakini linamisi, linagonga kwa dakika moja na kutoa moshi mweupe, kisha linatulia lenyewe, hapo mara nyingi hita moja au mbili zimekufa na zilizobaki zinabeba mzigo. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni habari nyingine kabisa. Huo unahusu kompresheni, nozeli, au maji yanayopenya kwenye silinda, na hakuna hita itakayoutibu.

Kwa nini Ngorongoro na si Moshi

Gari hilohilo linaweza kuwaka kwa kulazimisha kila asubuhi pale Moshi mjini, mwenye gari asijue kwamba hita zake hazifanyi kazi tangu mwaka juzi. Injini ya dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyokandamizwa. 1HZ inaikandamiza hewa zaidi ya mara 20, na hewa iliyobanwa hivyo hupata moto wa kutosha kuunguza dizeli. Lakini 1HZ, kama zilivyo injini za 3L na 5L za Hilux na Hiace, dizeli yake hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inarushwa kwanza kwenye chumba kidogo kilichochimbwa ndani ya silinda hedi, na kuta za chuma za chumba hicho zikiwa baridi zinainyonya ile hewa joto lake kabla mafuta hayajashika. Hita plagi kazi yake ni hiyo tu: ncha yake imechomoza ndani ya chumba kile, iwe nyekundu kwa sekunde chache mpaka injini ijishike.

Sasa ongeza urefu wa mahali. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta, pale Simba, ni kama mita 2,300, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban robo tatu tu ya ule wa pwani. Hewa kidogo ikikandamizwa, joto linalopatikana nalo hupungua. Weka na baridi ya Julai usiku kucha. Ndiyo maana hita ambazo zilikuwa "zinatosha" mjini zinaumbuka kule juu. Canter nyingi na magari mapya ya komonireli yanarusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo yanavumilia zaidi, lakini kanuni za umeme nitakazoeleza ni zilezile.

Kabla hujashika spana

Vua saa na pete. Nyaya za hita hubeba ampea nyingi kuliko kitu chochote kwenye gari ukiondoa selfu, na spana ikigusa bamba la hita na bodi kwa wakati mmoja itayeyuka mkononi mwako. Kila unapotaka kufungua au kukaza nati kwenye njia hiyo, toa kwanza waya hasi wa betri. Wakati wa kupima peke yake ndipo betri iwe imeunganishwa. Gia iwe huru na breki ya mkono iwe imevutwa, maana utakuwa na msaidizi ndani anayezungusha funguo, na msaidizi huzungusha zaidi ya ulivyomwambia.

Vifaa ni vichache. Mita ya kawaida ya volti na omu, taa ya kupimia yenye globu ya volti 12, msasa laini, na kama unaweza, mita ya kukumbatia waya. Hiyo ya mwisho angalia vizuri unaponunua. Nyingi za bei ya chini zinazouzwa mjini zinapima ampea za umeme wa nyumbani tu, haziwezi kupima umeme wa betri. Tafuta iliyoandikwa kwamba inapima ampea za DC, na ujaribu dukani kwenye pikipiki au gari kabla hujalipa.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika usiku, betri nzima husoma kama volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.4, ichaji kwanza kabla hujaendelea, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Kipimo kimoja kinachogawa kazi mara mbili

Hita zote zimeunganishwa kwa juu na bamba jembamba la chuma, na waya mmoja mnene unaleta umeme kwenye bamba hilo kutoka kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Weka mita kwenye volti DC, ncha nyekundu kwenye bamba, nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, si kwenye bodi. Mwambie msaidizi awashe funguo bila kupiga selfu. Soma namba ndani ya sekunde tatu au nne za kwanza, kwa sababu taima, kifaa kinachopanga muda wa hita kuwaka, inaweza kukata mapema, hasa injini ikiwa na joto.

Ukisoma volti 11 au zaidi na betri yako ni ya 12, umeme unafika. Nenda kwenye hita zenyewe. Ukisoma sifuri, kuna mahali pamekatika: fyuzi kubwa, rilei, taima, au waya. Ukisoma nane, tisa, kumi, hapo ndipo penye ugonjwa ninaoukuta mara nyingi kuliko yote, na ndio usioonekana kwa macho wala kwa taa ya kupimia. (Magari yenye hita za kuwaka haraka hushusha volti kwa makusudi baada ya sekunde chache, kupitia rilei ya pili na kizuizi. Hayo soma namba ya kwanza kabisa inayotokea.)

Niruhusu nikae hapa, kwa sababu pesa nyingi za watu zimepotea hapa.

Chukua hita sita, kila moja ina ukinzani wa omu 0.8 ikiwa baridi. Kwa volti 12 kila moja inavuta ampea 15, na wati 180. Zote sita ni ampea 90. Hita sita zikiwa sambamba, ukinzani wao wa pamoja ni kama omu 0.13 tu. Sasa kiungo kimoja kwenye ule waya mnene kikaota kutu ya kijani, kikaongeza omu 0.05. Hiyo ni namba ndogo mno. Mita yako haiwezi hata kuiona, nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Lakini ukipiga hesabu, ampea zinashuka kutoka 90 hadi kama 65, volti kwenye bamba zinabaki 8.7, na kila hita inapata wati 95 badala ya 180. Karibu nusu ya joto imepotea kwa kiungo kimoja kichafu. Na joto hilo halikupotea hewani: zaidi ya wati 200 zinaunguzwa palepale kwenye kiungo. Ndiyo maana mpira wa waya karibu na rilei huwa umekakamaa na kubadilika rangi.

Sasa fikiria fundi anayetoa waya kwenye bamba, anaupima ukiwa hewani, anaona 12.6, anasema "umeme upo". Bila hita kuvuta ampea, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliokatika utaonyesha 12.6. Pima wakati hita zinafanya kazi, au usipime.

Kuwinda mahali volti zinapopotelea

Ukishajua kwamba zinapotea, unazitafuta kipande kwa kipande, mita ikiwa kwenye volti na hita zikiwa zimewashwa. Ncha moja weka mwanzo wa kipande, nyingine mwisho wake. Namba unayosoma ndiyo volti zinazoliwa na kipande hicho. Kutoka kichwa chanya cha betri hadi kuingia fyuzi kubwa. Kuingia fyuzi hadi kutoka. Kuingia rilei hadi kutoka rilei. Kutoka rilei hadi kwenye bamba. Mimi nakubali sehemu mbili za kumi za volti kwa kila kipande, na nikikuta nusu volti mahali pamoja nafungua, nasugua, nafunga upya. Njia nzima kwa jumla isizidi volti moja.

Usisahau upande wa kurudi. Hita haina waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme; inajirudisha kupitia nyuzi zake za kukazia kwenye silinda hedi, kisha injini kwenda betri kwa waya wa ethi. Weka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha silinda hedi. Ukiona zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti, waya wa ethi wa injini umechoka. Waya huo hushangaza watu, kwa sababu ukiurekebisha hata selfu inazunguka kwa sauti mpya.

Fyuzi kubwa ile inayofungwa kwa bolti iangalie kwa mita, si kwa macho. Nimekuta iliyopasuka unywele chini ya kifuniko, ikishikana gari likiwa baridi na kuachana ikipata moto. Na kamwe usiweke kipande cha waya wa nyumba badala yake. Njia ya ampea 90 isiyo na fyuzi, ikigusa bodi, ni moto wa kweli chini ya boneti, na uko Serengeti.

Rilei, taima, na ile taa ya dashibodi

Taa ya njano ya hita kwenye dashibodi haikuambii kwamba hita zinafanya kazi. Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo ni ya taima tu: inawaka kwa muda uliopangwa na kuzimika, hata kama hita zote zimetolewa na kuwekwa mezani. Madereva wengi wananiambia "taa inawaka vizuri mama", nami nawaomba waiache hiyo taa pembeni.

Rilei nayo ina udanganyifu wake. Ikilia "tak" ujue tu kwamba koili yake, waya uliosokotwa unaogeuka sumaku, inavuta. Vidole vya ndani vinaweza kuwa vimeungua mpaka havigusani vizuri. Kipimo ni kile nilichosema: volti kati ya kuingia na kutoka wakati hita zimewashwa. Ikiwa rilei hailii kabisa, pima koili. Kwenye rilei zilizowekewa namba, 85 na 86 ni koili, 30 ni kuingia kwa umeme mnene na 87 ni kutoka. Kama koili inapata volti 12 na rilei haivuti, rilei imekufa. Kama koili haipati kitu, rudi nyuma kwenye taima na fyuzi ndogo inayoilisha.

Taima inasikiliza sensa ya joto la maji. Sensa hiyo ukinzani wake hushuka kadiri maji yanavyopata moto: kwenye Toyota nyingi ni kama kilo-omu mbili hadi tatu kwenye nyuzi joto 20, na chini ya nusu kilo-omu kwenye nyuzi 80. Waya wake ukigusa bodi, taima inadhani injini ina moto na inakata mapema kila asubuhi. Hili ni jepesi kukagua na wengi hulisahau.

Najua barabarani wengi wameshaachana na taima na kuweka swichi ya kubonyeza. Siwalaumu. Taima ya asili ina bei, na swichi inafanya kazi. Lakini swichi iendeshe koili ya rilei, isibebe umeme wa hita wenyewe, na fyuzi kubwa ibaki mahali pake. Halafu dereva afundishwe kuhesabu. Hita za kawaida za injini za zamani zinahitaji sekunde 10 hadi 15, na kwenye ukingo wa kreta nawaambia wafike 15, wapige selfu, basi. Anayebonyeza dakika nzima anaivimbisha ncha ya hita. Ncha ikivimba haitatoka kwenye tundu lake, na ikikatika inaangukia ndani ya silinda.

Kupima hita moja moja

Toa waya hasi wa betri, kisha fungua nati ndogo zote na uondoe bamba. Hatua hii hairukwi. Bamba likiwa limefungwa, hita zote ziko pamoja, na moja iliyo hai itakupa jibu kwa niaba ya nyingine tano zilizokufa.

Gusanisha ncha mbili za mita kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, huenda 0.2 au 0.3, na namba hiyo uitoe kwenye kila kipimo. Kisha pima kila hita, kutoka kichwani kwake hadi kwenye silinda hedi. Hita nyingi za volti 12 husoma kati ya nusu omu na omu moja na nusu zikiwa baridi. Ninachotazama zaidi ni zifanane. Tano zikisoma 0.8 na ya sita 2.5, ya sita inaelekea kaburini hata kama bado inapitisha umeme. Isiyosoma kitu imekatika. Kama gari ni la volti 24, hita zake zina ukinzani mkubwa zaidi: ili wati zibaki zilezile volti zikiwa mara mbili, ukinzani lazima uwe mara nne.

Ukiwa huna mita, taa ya kupimia inatosha kwa dharura. Rudisha waya hasi wa betri, funika ncha ya ule waya mnene uliotoka kwenye bamba isiguse chuma, kisha bana klipu ya taa kwenye kichwa chanya cha betri na ncha yake iguse kichwa cha hita. Ikiwaka, hita haijakatika. Haiwezi kukuambia kama imechoka.

Mita ya kukumbatia waya ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu hufungui chochote. Ikumbatishe kwenye waya mnene wa hita, washa funguo, soma. Injini ya silinda sita inayopaswa kuanza na ampea 80 au 90 ikionyesha 45, na volti kwenye bamba ni nzuri, basi nusu ya hita hazipo. Utaona pia ampea zikishuka taratibu kadiri sekunde zinavyopita, kwa kuwa ukinzani unaongezeka hita ikipata moto. Huko kushuka ni afya.

Hita iliyotolewa unaweza kuijaribu kwenye betri: ishike mwili wake kwa koleo au kwenye jiliwa, mwili kwenye hasi, kichwa kwenye chanya, mbali na betri yenyewe. Ncha inatakiwa iwe nyekundu ndani ya sekunde chache, wekundu ukianzia nchani. Ikianza kuwa nyekundu katikati au shingoni na ncha ibaki nyeusi, itupe. Ila soma kwanza namba iliyochapwa kwenye mwili wake. Injini mpya nyingi zina hita za volti chache sana, nyingine za seramiki, zinazoendeshwa na kompyuta ya gari. Ukizipa volti 12 moja kwa moja unaziua kwa sekunde mbili.

Kuzitoa na kuzirudisha

Hapa naongea kama mtu aliyewahi kulia. Mwaka wangu wa tatu wa kazi, Moshi, nilikatisha hita kwenye silinda hedi ya Hilux ya mteja kwa sababu injini ilikuwa baridi na mimi nilikuwa na haraka. Mjomba alifungua hedi nzima siku mbili kuitoa, na mteja alikosa kazi siku hizo mbili. Tangu siku hiyo sitoi hita kwenye injini baridi. Endesha gari mpaka lipate moto, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni iliyotangulia kama una nafasi, kisha fungua kwa spana fupi, robo nzunguko kwenda na robo kurudi. Ikikataa, pumzika, nyunyiza tena. Usiongeze urefu wa spana kwa bomba.

Hita mpya iingie kwa vidole mpaka mwisho, ndipo uikaze. Kwenye injini hizi ni kama newtoni mita 13 hadi 20, ambayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkono wa kawaida kwenye spana fupi. Nyuzi ziwe safi, bila utepe wa bomba wala gundi, kwa sababu nyuzi ndiyo ethi. Nati za bamba ni ndogo sana, zibane vizuri bila kuzitesa, ukishasugua bamba kwa msasa pande zote mbili.

Kuhusu kununua: nunua hita yenye namba ileile ya injini yako, si namba ya betri yako. Toyota imetengeneza mifumo tofauti ya hita kwa injini inayofanana kwa macho, na zipo hita zilizoandikwa volti ndogo kuliko betri kwa sababu taima inazikatia umeme haraka. Aliyeniletea Land Cruiser kutoka Karatu mwaka juzi alikuwa ameuziwa hita sita za volti 12 kwa gari la volti 24. Ziliungua zote asubuhi moja. Gari lake lilikuwa na betri mbili, na muuzaji hakuuliza kama zimeunganishwa sambamba au kwa mfululizo. Wewe pima kwenye bamba hita zikiwa zimewashwa, utajua. Nitakushauri pia uje dukani na hita yako ya zamani mkononi, ulinganishe urefu wa ncha na nyuzi. Ncha iliyo ndefu kwa milimita chache inaweza kukutana na kitu ndani.

Yule kijana wa Simba

Hakuwa na mita. Nilimwambia awashe funguo kwa sekunde 15, azime, apumzike nusu dakika, arudie mara tatu. Kisha atembeze mgongo wa mkono, bila kugusa kwanza, juu ya njia ya waya mnene kutoka kwenye rilei hadi kwenye bamba.

"Mama, hapa waya unapofungwa kwenye bamba pana moto. Bamba lenyewe ni baridi."

Hapo palitosha. Alitoa waya hasi wa betri, akafungua nati, akakuta ukijani na kichwa cha waya kinacheza. Hakuwa na msasa. Alitumia kipande cha tofali na shati la zamani, akasugua mpaka shaba ikaonekana, akakaza, akarudisha waya wa betri. Alinipa simu nisikie. Sekunde 15, selfu, likagonga kidogo, likashika. Saa kumi na mbili na dakika ishirini alikuwa kwenye foleni ya kushuka.

Nilikuwa nimemkataza mambo mawili ambayo mwenzake wa kambi alikuwa ameshaanza kuyapendekeza. La kwanza, kuwasha moto chini ya injini. La pili, kupuliza spirei ya etha kwenye chujio la hewa. Etha ikikuta hita nyekundu inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na injini inaweza kuvunjika hapohapo.

Aliporudi Arusha alileta gari karakana. Nilikata kile kichwa cha waya, nikakuta zaidi ya nusu ya nyuzi za shaba zimekatika ndani ya mpira, muda mrefu tu, kwa jinsi zilivyokuwa nyeusi. Nilibana kichwa kipya, nikavisha mpira wa kusinyaa. Volti kwenye bamba zikatoka 9.1 hadi 11.5. Hita tano zilisoma sawa, ya tatu kutoka mbele ilikuwa imekatika, nikabadilisha hiyo moja. Sasa kwenye boksi lake la zana kuna taa ya kupimia, kipande cha msasa, fyuzi kubwa moja ya akiba, hita moja, na spana ya nati za bamba ambayo ameifunga uzi mwekundu isichanganyike na nyingine.